Mtoto wa Kojani naye aulize

Siku Marehemu Mzee Abeid Amani Karume alipotangaza elimu bila malipo Zanzibar, tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane tu ilikuwa imepita tangu Mapinduzi ya Januari 12. Shabaha ya tangazo lile ilikuwa moja na bayana: kufuta desturi ya kumgawa mtoto wa nchi hii katika mafungu mawili, fungu la wanaostahili kufunzwa kufikiri na fungu la wanaotosheka kwa kufunzwa kutii. Zaidi ya miaka 60 imepita. Sheria imefuta mgawanyo huo, bajeti zimepigana nao, skuli zimejengwa mpaka visiwa vidogo. Hata hivyo fikra yenyewe haijafa. Imebadili nguo tu, na leo imejitokeza katika suala jipya: suala la wanafunzi kushindana kwa hoja na wenzao wa nchi za nje kwa njia ya mtandao.

Suala lenyewe si gumu kulielewa. Darasa moja huketi mbele ya kompyuta katika nchi hii, darasa jingine huketi mbele ya yake katika nchi ya mbali. Hoja hutolewa. Upande mmoja hutetea, upande wa pili hupinga, walimu husimamia zamu na kuhesabu dakika. Wanafunzi wa umri wa darasa la sita hadi kidato cha pili, ambao akili zao ndiyo kwanza zinaanza kuuliza "kwa nini", hufaidika pakubwa na zoezi hili, kwani hawawezi kushinda kwa kukariri. Hulazimika kusoma, kumsikiliza mpinzani, kupima ushahidi na kujibu papo hapo.

Hata jambo lenyewe si geni duniani. Mwaka 1988, wakati Marekani na Umoja wa Kisovieti zingali zimeelekezeana makombora, skuli za Jimbo la New York na skuli za Moscow ziliunganishwa kwa kompyuta na nyaya za simu ili watoto wa pande hizo mbili wafanye kazi pamoja. Mwaka huo huo Mashindano ya Dunia ya Mdahalo kwa Skuli yalianzishwa nchini Australia. Na ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozuia safari, mashindano hayo yalifanyika mtandaoni mwaka 2020 na 2021. Swali, basi, si kama jambo hili linawezekana. Swali ni nani ataruhusiwa kuketi mbele ya kompyuta hiyo, atasema kwa lugha gani, na ataulizwa au atauliza.

DHARAU ISIYO NA MSINGI

Wapo wanaosema kwamba mambo haya yaachiwe skuli za Mjini Unguja na za Dar es Salaam, na kwamba mtoto wa Kojani ana shida nyingine za kutatua kwanza. Kojani, watu hao hukumbusha, ni kisiwa kidogo cha wavuvi kilichoko mashariki mwa Pemba, katika Wilaya ya Wete; kukifika ni lazima mtu apande chombo; nyumba zimebanana; na wazazi wengi huondoka kwenda dago, wengine pamoja na watoto wao, wakaviacha viti vya madarasa vitupu. Watoto kama hao, wanauliza, wana habari gani za dunia hata wakashindane na wageni kwa hoja?

Madai haya yanastahili kujibiwa kwa ukali, kwani yamesimama juu ya ujinga wa jiografia na wa historia pia.

Kama kuna watu katika nchi hii walioijua dunia ya nje bila kungoja pasi ya kusafiria wala tiketi ya ndege, ni Wakojani. Mvuvi wa Kojani anayekwenda dago hupiga kambi Tanga, Mafia, Kilwa na Mtwara, na huvuka mpaka hadi pwani ya Kenya. Huko hukutana na wenyeji wenye desturi nyingine, masoko mengine na sheria nyingine za nyavu. Hujadiliana nao kuhusu ufukwe wa kupiga kambi, bei ya samaki na mwamba wa kuvua. Akishindwa kwa hoja, anarudi mikono mitupu. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo ameusikia mjadala wa kimataifa kabla hajaisikia kengele ya skuli.

Tena, ni kisiwa gani cha kufundishwa malumbano na wageni? Pemba hiyo hiyo ndiyo iliyowatoa Kamange na Sarahani, washairi wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, waliojibizana kwa tungo, huyu akitega na yule akitegua, kila mmoja akilazimika kushika vina na mizani huku akivunja hoja ya mwenzake. Tungo zilisafiri, na majibu yakarudi kwa njia ile ile. Huo ulikuwa ni mdahalo wa masafa, wenye kanuni, hadhira na waamuzi, na haukuhitaji umeme. Barazani na maskanini, kila alasiri, wazee wa Pemba wangali wanabishana juu ya mambo ya nchi na ya dunia kwa utaratibu ambao mabunge mengi yangeweza kuuonea wivu. Anayesema mtoto wa huko hana msingi wa kujadiliana amekosa kuuona msingi kwa sababu haukuandikwa kwa lugha anayoiheshimu.

NANI AULIZA, NANI AJIBU?

Lipo kundi la pili, ambalo kwa hakika lina hatari zaidi kwa kuwa linakuja na tabasamu. Hawa wanalishangilia jambo hili bila kulipima. Kwao, mradi kuna kompyuta, kuna mgeni kwenye kioo na kuna mpiga picha, basi maendeleo yamefika.

Yafaa ieleweke kwamba kukutana tu si kujadiliana. Mara nyingi mikutano ya aina hii baina ya skuli za nchi tajiri na skuli za Afrika hufuata mtindo mmoja. Watoto wa upande wa kule huuliza: Mnakula nini? Mnateka maji wapi? Mna umeme? Watoto wa upande wa huku hujibu. Kisha huombwa waimbe. Mwisho mwalimu wa kule huwaambia wanafunzi wake kwamba wamejifunza kushukuru kwa walivyonavyo, na mwalimu wa huku hutoa ahsante kwa niaba ya skuli. Saa moja imekwisha, na hakuna hoja hata moja iliyotetewa wala kupingwa. Mmoja amekuwa mtazamaji, mwingine amekuwa kitu cha kutazamwa. Wakoloni waliita maonyesho ya namna hiyo elimu, na hakuna sababu ya kuyarudisha kwa sababu tu sasa yanapita kwenye mkonga wa mawasiliano.

Mjadala wa kweli hudai usawa. Mtoto wa Kojani naye aulize. Aulize kwa nini nchi zilizochafua hewa kwa viwanda vyao kwa karne mbili zinamwambia mvuvi wa ngalawa ndiye awe mwangalifu. Aulize meli kubwa zinazovua katika Bahari ya Hindi zinatoka bandari gani, na samaki wake huliwa kwenye meza ya nani. Naye aulizwe maswali magumu vile vile: kwa nini nyavu za macho madogo zingali zinatumika pwani ya Afrika Mashariki, na kwa nini mtoto aondolewe darasani kwa ajili ya dago. Akiyajibu hayo kwa ushahidi na bila hasira, amesoma. Akishindwa, amesoma zaidi, maana kesho atakwenda kutafuta.

LUGHA YA HOJA

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mashindano makubwa ya mdahalo wa skuli duniani huendeshwa kwa Kiingereza, na watetezi wengi wa mijadala ya mtandaoni huichukulia lugha hiyo kuwa sharti la kuingilia mlangoni. Kwa maneno mengine, mtoto hupimwa Kiingereza chake kabla hajapimwa akili yake.

Zanzibar inalifahamu tatizo hili vizuri. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliagiza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Nia ilikuwa njema. Lakini mwalimu yeyote mkweli atakiri kwamba mtoto anayeulizwa kwa lugha asiyoimudu hufanya moja kati ya mawili: hunyamaza, au hukariri. Na mdahalo wa kukariri ni mchezo wa kasuku. Mwanafunzi atasimama, atatoa sentensi tano alizoandikiwa na mwalimu, ataketi. Mpinzani akimjibu, hatakuwa na la kusema, si kwa upungufu wa fikra bali kwa sababu fikra yake imefungiwa nje ya mlango.

Kwa hiyo mijadala ya kwanza ya skuli za Kojani na nchi za nje iwe kwa Kiswahili. Wapo watakaocheka. Watauliza ni nchi gani ya nje itakayojadiliana kwa Kiswahili. Jibu ni kwamba wacheke taratibu, maana dunia imewatangulia. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. UNESCO, mwezi Novemba 2021, iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi Februari 2022. Kiswahili sanifu chenyewe kilijengwa juu ya Kiunguja. Itakuwa ni kichekesho cha karne ikiwa lugha hii itakaribishwa katika kumbi za Addis Ababa, halafu ikafukuzwa katika darasa la Pemba.

Hakuna anayesema Kiingereza kitupwe. Mwalimu Nyerere alikijua Kiingereza kuliko wengi wanaokitetea leo, na alichofanya ni kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, ili mawazo ya mgeni yaje yajadiliwe kwa lugha ya mwenyeji. Huo ndio utaratibu unaofaa: mtoto ajifunze kujenga hoja kwa lugha anayoiota usingizini, kisha aihamishie kwenye lugha ya pili na ya tatu. Mwenda tezi na omo hurejea ngamani. Lakini kwanza awe na ngama ya kurejea.

JIRANI KABLA YA WA MBALI

Likikubaliwa hilo, swali la kuchagua wapinzani linajibika lenyewe. Kwa nini skuli ya Kojani ianze na New York, ambako saa mbili asubuhi ya Pemba ni usiku wa manane, hata mkutano ulazimike kuwa alasiri, saa ambayo mtoto wa Kipemba anatakiwa chuoni kusoma Kurani? Pwani ya Kenya na visiwa vya Komoro vina saa moja na Pemba. Muscat imetangulia kwa saa moja tu, na huko Oman zimo familia nyingi zinazozungumza Kiswahili nyumbani. Hao wote ni wageni kwa pasi na ni jirani kwa maneno.

Wala mada hazitafutwi mbali. Mwaka 1976 Tanzania na Kenya zilikamilisha makubaliano ya mpaka wa baharini karibu na Pemba. Mpaka huo ulichorwa na serikali. Samaki hawakuarifiwa, na wavuvi waliendelea kufuata samaki. Kwa miongo mingi watu wenye asili ya Pemba waliishi Kwale na Kilifi, wakazaa na kujukuu huko, bila kutambuliwa kuwa raia. Hawakuweza kupata kitambulisho, na asiye na kitambulisho hufungiwa milango mingi ya kazi, ya biashara na ya masomo. Ilikuwa mwezi Julai 2023 ndipo Serikali ya Kenya ilipowatambua rasmi kuwa ni jamii mojawapo ya nchi hiyo.

Fikiri darasa la Kojani na darasa la Kwale, ambamo pengine wamo wajukuu wa watu wa kisiwa hicho hicho, wakijadiliana hoja hii: mvuvi wa nchi jirani apewe haki sawa na mvuvi wa mahali. Mtoto wa Kojani atapangiwa upande wa kupinga, yaani atetee wenyeji wanaolalamika kwamba wageni wanamaliza samaki. Mtoto wa Kwale atapangiwa kumtetea mgeni. Kila mmoja atalazimika kuvaa kiatu cha mwenziwe, na yule wa Kojani atarudi nyumbani na swali la kumuuliza baba yake. Hapo somo la uraia, la jiografia na la historia yatakuwa yamefundishwa kwa saa moja kwa namna ambayo ubao hauwezi.

Mada ya pili iko kusini mwa Pemba penyewe. Wananchi wa Kisiwa Panza, katika miaka ya 2010, walianza kufunga sehemu za mwamba kwa muda ili pweza wakue kabla ya kuvuliwa. Je, utaratibu huo unamnufaisha mvuvi mdogo, au unamwondolea chakula cha leo kwa ahadi ya kesho? Watu wazima hawajakubaliana. Serikali ya Mapinduzi imeufanya Uchumi wa Buluu kuwa nguzo ya mipango yake, na ni haki kwamba wale watakaouendesha uchumi huo miaka 20 ijayo waanze kuujadili sasa, wakiwasikia pia wenzao wa Komoro wanaoishi kwa bahari ile ile.

HOFU YA WAZAZI

Ipo hoja moja ya wapinzani isiyostahili dharau. Ni hofu ya wazazi. Kojani ni kisiwa cha watu washika dini na wenye kulinda heshima ya watoto wao, na mzazi anapoambiwa kwamba binti yake atazungumza na watu asiowajua kupitia mtandao, ana haki ya kuuliza maswali. Kumwita mtu huyo mshamba ni utovu wa adabu na ni makosa ya siasa.

Lakini jibu lipo. Simu zimeshafika Kojani, na zinaingiza kila kitu, usiku, bila mwalimu wala mzee. Mjadala wa skuli ni kinyume chake: unafanyika mchana, darasani, mbele ya mwalimu, kwa mada inayojulikana, na wazazi wanaweza kualikwa kuketi nyuma na kusikiliza. Ukiendeshwa kwa Kiswahili, hata bibi asiyesoma ataufuata na ataweza kutoa hukumu nani ameshinda. Kwa Kiingereza, mzazi ataona midomo ikicheza tu, na hofu yake itakuwa na msingi. Kwa hiyo suala la lugha ndilo pia suala la imani ya wazazi. Na binti wa Kojani atakayesimama mbele ya kijiji chake akajenga hoja kwa adabu na ushahidi atakuwa ameifanyia kazi elimu ya wanawake kuliko mabango mia.

KUJITEGEMEA, SI KUNGOJA

Limebaki suala la uwezo. Watendaji wengine wakitajiwa jambo hili huuliza mara moja: mfadhili ni nani? Swali hilo ni ugonjwa. Mwaka 2011 ulianza mradi mkubwa wa Shirika la Misaada la Marekani, USAID, uliopeleka kompyuta katika skuli za Mtwara na Zanzibar. Ulikuwa msaada, ukapokelewa, na miradi huwa na tarehe ya kufungwa. Januari 2025 karatasi moja ilitiwa saini Washington, misaada ikasimamishwa. Ilipofika Julai mwaka huo shirika lenyewe lilikuwa limefungwa shughuli zake. Azimio la Arusha lilitoa onyo hilo mwaka 1967: fedha za mtu mwingine huondoka na mtu mwingine.

Taifa hili limewahi kufanya makubwa kwa vyombo vidogo. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takribani watu milioni 2 wa Tanzania Bara katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kizima kilikuwa na redio moja, kijitabu na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi. Watu walisikiliza, walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Zanzibar nayo, katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo ya 1970, ilianzisha televisheni ya rangi kabla ya nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara. Waliofanya hayo hawakuwa na intaneti, wala hawakuwa matajiri.

Mjadala wa Kojani hauhitaji maabara ya kifahari. Unahitaji kompyuta moja au simu moja nzuri, kipaza sauti, na mwalimu aliyefunzwa kusimamia mdahalo. Mtandao ukisumbua, hoja zirekodiwe kwa sauti zitumwe, na majibu yaje kesho, kama tungo za Kamange na Sarahani zilivyokwenda na kurudi. Ratiba ifuate kalenda ya bahari, ili mijadala isipangwe wakati nusu ya darasa iko dago; na waliko dago wakusanyiwe ushahidi wa kuleta, bei za samaki, sheria za nyavu, maneno ya wenyeji. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006 kwa ajili ya sehemu ambazo kampuni za simu hazioni faida, ndio chombo cha kuulizwa pale mtandao unapokuwa dhaifu.

Na yapo mambo ambayo hayahitaji hata senti moja. Kompyuta iliyofungiwa kabatini kwa kuogopa vumbi haifundishi, ifunguliwe. Mkuu wa skuli anayeitoa siku ya ziara ya kiongozi tu aulizwe, na kiongozi anayeridhika na ziara ya namna hiyo aulizwe pia. Wizara iruhusu mdahalo uhesabiwe kuwa ni kazi ya darasa na si mchezo wa baada ya saa za masomo. Wawakilishi na madiwani waache kuhesabu vifaa walivyokabidhi, waanze kuhesabu hoja zilizojadiliwa. Matawi ya Chama, yaliyo karibu na wazazi kuliko ofisi yoyote, yabebe kazi ya kuwaeleza na kuwasikiliza.

Samaki hukunjwa angali mbichi. Mtoto wa miaka 13 wa Kojani atakayefunzwa leo kuuliza, kuthibitisha na kukubali anaposhindwa kwa haki, kesho atakuwa nahodha asiyedanganywa na mnunuzi, mwalimu asiyekariri, au mwakilishi wa nchi asiyetikisika katika meza ya mazungumzo ya bahari. Wanaotaka abaki kuwa mtu wa kuulizwa hali yake na kuimbia wageni waseme hivyo hadharani, wasijifiche nyuma ya uhaba wa vifaa. Kojani ina watoto wenye ndimi na akili. Wapewe zamu yao ya kusema.